Jina Chini ya Soli

Simu iliita wakati Dada yuko kwenye duka la viatu, ameshika kiatu cha shule cha mwanawe na kukikunjakunja kama alivyofundishwa na Baba. Dada ndilo jina aliloitwa na wote nyumbani. Aliyepiga alikuwa mdogo wake wa kiume, na hakusalimu. "Dada, Baba ametutoka," alisema. Dada akainamia kile kiatu. Chini ya soli, kwa herufi za kuinuka, jina la Baba lilikuwa likimtazama. Rafu nzima ilijaa jina hilo.

Baba alikuwa fundi viatu. Ujanani alichongesha muhuri wa chuma wenye jina lake, akawa anaupasha moto na kuupiga kwenye kila soli, ili kiatu kikiachia, mteja ajue nyumba ya kwenda kugombana. Ndivyo alivyotania. Viatu vikapendwa, akapata mshirika mwenye mtaji. Wakafungua kiwanda, jina likasajiliwa kuwa alama ya biashara, mali ya kampuni. Baba alitia sahihi akicheka. Jina ni lake, nani atakwenda nalo? Mshirika alipoanza kuficha kadibodi ndani ya soli, Baba alimwambia kwamba cha udanganyifu hakina baraka, akaondoka. Jina likabaki kiwandani.

Wakili wa kampuni alimwonya asiliweke tena kwenye viatu. Baba akasikia zaidi ya alichoambiwa. Aliufunga muhuri kwa kitambaa, akausukumia chini ya meza ya kazi, na tangu hapo hakuitikia jina lake. Mtaani wakazoea kumwita Fundi. Hata alipougua na kuombewa, alitaka atajwe kuwa mja wa Mungu, basi.

Redio ikitangaza viatu vile, aligeuka kama mtu aliyeitwa na marehemu, kisha akainamisha kichwa. Majira ya mvua ndiyo yaliyomtesa. Wateja waliingia uani na viatu vya kiwanda, soli zikipiga jina lake kwenye tope, naye akitoka nyuma yao na ufagio kulifuta. Mama, enzi za uhai wake, alimtania kwamba anafagia kama mkwe mgeni. Hakucheka.

Dada aliwahi kwenda ofisi ya usajili kuulizia. Karani akamjibu kwa upole, "Alama ni ya viatu, mama. Mtu havuliwi jina." Alirudi mbio kumweleza Baba. Baba akaendelea kuvuta uzi wake.

"Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki."

Sasa ulitakiwa ubao wa kaburi. Mdogo wake alitaka uandikwe Fundi tu. Baba mwenyewe alilikimbia lile jina, alisema, wasimsumbue huko aliko.

"Na akifika kwa Mola," Dada aliuliza, "ataitwa kwa lipi?"

Mdogo wake akainuka mwenyewe, akawasha jiko la mkaa. Dada akautoa muhuri chini ya meza, akaufungua kitambaa. Ulikuwa hauna hata kutu. Mkono fulani ulikuwa ukiupaka mafuta miaka yote hiyo. Chuma kilipogusa ubao, moshi ukapanda, na Dada akahisi kuna mtu amesimama nyuma yake, akikagua kazi. Hakugeuka.

Walimzika mchana, mvua imekatika punde. Kiongozi wa sala aliuliza jina la marehemu, Dada akalitaja lote, lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya kusikika. Baadhi ya majirani walitazama miguu yao. Sala ikasomwa, udongo ukarudishwa, ubao ukasimikwa upande wa kichwani. Watu waliondoka mmoja mmoja, na kuzunguka kaburi lote, kwenye udongo mbichi, soli zao ziliacha jina la Baba, moja juu ya jingine. Mdogo wake alishika tawi la kufagilia, akamtazama.

"Liache," Dada alisema.

Wakatoka kwa kupitia pembeni, kwenye majani.