Mshono wa Fundi Abeid

Baba mkwe wangu, fundi Abeid wa Chuno, alizeeka vibaya. Wako wanaozeeka polepole kama chumvi kwenye maji, mpaka wamekwisha na hujasikia kelele. Yeye alizeeka kwa kugombana. Kila kilichomtoka mwilini alimtafuta aliyekiiba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshinda nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa mwizi wa kila kitu.

Nimtendee haki kwanza, msije mkasema namchukia bure. Ujanani alikuwa fundi hasa. Alijifunza kushona kanzu Mikindani, na hakuwa mtu wa kutumia futi. Mteja akiingia barazani alimtazama mara moja, shingo, mabega, mikono, kisha akamwambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa kanzu ilimkaa utadhani kazaliwa nayo. Vipimo vya mji mzima vilikuwa kichwani mwake. Uzi aliutunga huku anapiga soga, sindano hata haitazami, na darizi yake ya shingoni iliwaleta watu kutoka Lindi.

Mimi niliolewa nyumba ile mwaka wa Azimio la Arusha, na niliyemkuta siye huyo. Macho yalikuwa yameingia ukungu, mikono inatetemeka, na kila akiinuka kwenye cherehani magoti yanamlilia. Hayo ni ya Mungu, sikumlaumu. Lakini kichwa chake kilikuwa na ujanja wake: ya zamani kiliyashika, ya asubuhi kiliyatupa. Alijua vimo vya marehemu wote wa Mikindani, ila hakujua kama amekula. Anakula wali wangu, ananawa, halafu jioni anamwambia mwanawe, "Nkeo ananishindisha njaa." Fikirini, mume wangu, ametoka kupakua mizigo bandarini, amechoka, ananitazama tu. Kule kunitazama kuliniudhi kuliko maneno ya baba yake.

Shehe Thabiti, aliyekuwa rafiki wa fundi tangu utoto, aliagiza kanzu ya Idi. Fundi akaikata kwa kimo alichokuwa nacho kichwani, kimo cha Thabiti kijana. Shehe wakati huo mgongo umeshapinda na mabega yameshuka, kwa hiyo kanzu ikawa inafagia sakafu. Nikasema, kwa adabu zangu zote, labda tumpime upya.

"Vipimo vyangu havikosei," fundi akanijibu. "Thabiti anajikunja makusudi."

Shehe alicheka, akaenda kuikunja pindo kwake. Mimi sikucheka. Lawama ya mzee yule ikimkosa shehe ilikuwa inanitafuta mimi.

Ikanipata kweli. Mkasi wake mkubwa, alioachiwa na bwana aliyemfundisha kazi, ulipotea. Alipekua nyumba nzima. Alipekua sanduku langu, akazitupa kanga zangu uani majirani wanaona. Kisha akakaa barazani, na kila aliyepita akamtangazia kwamba mkwewe kamwibia, na kwamba Ijumaa baada ya alasiri Shehe Thabiti atasoma Halbadili pale pale uani.

Asiyeijua Halbadili asidhani hilo ni jambo dogo. Ikisomwa, mwizi hakosi kupatwa. Atavimba, atapooza, atakufa, au itamshukia mwanawe. Na mimi nilikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii nayo ikitoka, hata ikiwa ni kwa homa tu, mji wote utasema mwizi amejulikana, na Fikirini atanirudisha kwetu Msimbati na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Niliogopa mpaka hofu yenyewe ikageuka hasira.

Alhamisi nilikuwa nafua pamoja na Modesta, jirani yetu, mke wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Songea. Nikachukua mto wa fundi niuvue foronya. Ulikuwa mzito. Nikaubonyeza, ndani ya sufi nikagusa chuma. Pembeni ulikuwa umefumuliwa na kushonwa tena kwa uzi wa darizi.

"Si ndio huo!" Modesta akasema. "Mpelekee, dada Mwaisha, yaishe."

"Nikimpelekea ndiyo nimeiba. Kwetu anayetoa kitu kabla ya kisomo ndiye mwizi, kaogopa."

"Lakini kauficha mwenyewe! Wazee hufanya hivyo. Bibi yangu alikuwa anafukia vijiko, halafu anatutukana sisi."

"Bibi yako hakumsomea mtu Halbadili," nikamwambia. Nikaurudisha mto kitandani kwa fundi kama ulivyokuwa, na usiku ule akaulalia.

Ijumaa majamvi yakatandikwa uani. Wanaume walikuja moja kwa moja kutoka msikitini, wanawake wakajaa mlangoni, ubani ukafuka. Shehe Thabiti alikuwa na kitabu mapajani. Kama ilivyo desturi akatoa nafasi ya mwisho: mwenye nacho akitoe sasa. Fundi alikuwa amekaa karibu yake, amevaa vizuri, uso umekunjuka kwa furaha. Furaha ile ndiyo iliyonitoa mlangoni nikaenda kusimama mbele ya wanaume.

"Shehe, kabla hujafungua kitabu, mwambie mume wangu alete mto wa baba yake. Mimi siugusi."

Fikirini akauleta. Shehe akaubonyeza, akaomba kisu, akautoboa katikati. Mkasi ukatoka umegandwa na sufi. Watu wakaguna.

"Abeid," shehe akasema, "ulikuwa unaulalia mwenyewe."

Mzee hakutahayari hata kidogo. "Kauweka huyo! Kasikia kisomo, kaogopa."

Fikirini akanitazama vile vile kama kawaida yake.

"Tazama mshono wa hapa pembeni," shehe akasema kwa upole. "Uzi ni wako wa darizi."

Fundi akausogeza karibu na macho, akaupapasa kwa kidole gumba. Mshono ule ulikuwa unakwenda kama mlevi anayerudi kwake. Akacheka kwa dharau.

"Huu nshono wangu? Kazi chafu hii? Ntu anayejua kazi yangu aseme."

Na watu, haki ya Mungu, wakatikisa vichwa kumkubalia. Kazi ya fundi Abeid walikuwa nayo shingoni mwao, wengi walikuwa wameivaa saa ile ile. Ule haukuwa mshono wake. Nikawasikia wanawake mlangoni wananong'ona jina langu.

Nikaingia ndani, nikatoka na sindano, uzi ule ule na kipande cha kitambaa cha marekani, nikavitua mapajani mwake.

"Shona, baba. Tuuone wa kwako."

"Mwaisha," Fikirini akaniita, kunionya.

"Ashone!"

Fundi akaulamba uzi, akaupeleka kwenye tundu, akakosa. Akaulamba tena, akakosa tena. Nikamnyang'anya, nikamtungia mbele yao wote, nikamrudishia. Nilitaka waone, na sikuona haya. Akaanza kushona kwa madaha, sindano anaiinua juu, kichwa amekiinamisha upande kama picha ya ujana wake. Alipomaliza, shehe akakichukua kitambaa, akakilaza kando ya mto.

Mishono ilikuwa ya mkono mmoja. Ulipopanda huu na ule ulipanda, na ule ulipolegea huu nao ulilegea.

Fundi aliitazama mishono ile kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mikono yake.

"Tusome, tusisome?" shehe akauliza, na alikuwa ananiuliza mimi, maana aliyedhulumiwa sasa nilikuwa mimi.

Nilitaka isomwe. Nasema wazi, nilitaka isomwe mpaka neno la mwisho, imshukie aliyeficha mkasi, kama yeye alivyonitakia mimi na kilichomo tumboni mwangu. Nikafungua mdomo niseme hivyo.

Fundi akanishika upindo wa kanga.

"Nwanangu," akasema. Tangu nilipoingia nyumba ile hakuwahi kuniita hivyo. "Nwanangu, waambie wasisome. Mimi sikumbuki kushona. Itanipata, na mimi sikumbuki."

Nikamwambia shehe afunge kitabu. Sikumsamehe, na wala hakuniomba. Nikamtoa sindano mkononi, kwa sababu alikuwa ameshaisahau na angejichoma.