Kipande cha Sanduku la Kuazima

Mama yangu hakubali kukata karatasi ya sanduku la mtu. Hilo ndilo lililotuponza.

Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kumuaga binti wa dada yangu, anaolewa. Mama alitoka kwake Butiama akaja kulala kwangu Bunda, na kwa kuwa hana sanduku, tukaazima kwa jirani yangu pale Kabasa, mama mmoja aliyewahi kupanda ndege kwenda Mbeya, akarudi kwa basi. Ile karatasi ndefu wanayofunga uwanja wa ndege ilikuwa bado inaning'inia kwenye mshikio, mwaka wa pili huo. Huku kwetu haitolewi ng'o. Ukishuka stendi watu waione, wajue umeruka.

"Mama, hii tuikate," nikasema.

"Cha kuazima kinarudishwaga kama kilivyotoka. Weka mkasi chini."

Ndani ya sanduku hilo mama aliweka kitenge. Bibi yangu alikinunua Musoma mjini zamani hizo, akamfunga mama kiunoni siku alipoagwa kwenda kwa mume. Mama akamfunga dada, kisha mimi. Kimepauka na kona moja ililiwa na panya, lakini kwetu binti haondoki bila kufungwa hicho. Mwenye akili angekibeba mkononi. Mama mkononi alibeba dagaa wa kisiwa cha Rukuba, wamefungwa nailoni tatu, eti dagaa wataibiwa ila kitenge kibovu hakuna wa kukitaka.

Uwanja wa ndege wa Mwanza, dada wa kaunta alitaka kuing'oa ile karatasi ya Mbeya. Mama akamshika mkono taratibu. "Mwanangu, sanduku la watu hilo." Dada akacheka, akafunga karatasi mpya kando ya ile ya zamani, akanipa kipande kidogo chenye namba. Mimi mjuaji, niliyekwishapanda ndege mara mbili nzima, tuliposhuka Dar nikakitupa kwenye pipa pamoja na kikombe cha juisi.

Masanduku ya watu yakaja, yakazunguka, yakachukuliwa. La kwetu halikuja. Tukabaki tunatazama ule mkanda ukizunguka mtupu, mama kakumbatia dagaa wake.

Nikaenda kwenye dawati la mizigo. Kaka aliyekuwa pale akauliza sanduku likoje, lina alama gani. Mama, ambaye hajui kuficha kitu, akamweleza kila kitu mpaka karatasi ya Mbeya.

"Basi limepelekwa Mbeya," akasema yule kaka. "Hilo kosa lenu, mama. Nendeni nyumbani, likionekana tutawapigia."

Mimi domo langu nalijua. Nikamwambia, "Kaka yangu, sanduku mlilipokea nyie, mkalipima, mkalifunga namba yenu. Karatasi ya zamani mwenzenu aliiona kwa macho yake, akacheka. Hatutoki humu bila maandishi." Nilikuwa nimeshaonywa na mwalimu mwenzangu: ukitoka ukumbi ule bila kuripoti, kesho utajieleza kama mwizi.

"Sawa, dada. Kipande chenu cha namba kiko wapi?"

Nikakumbuka lile pipa. Mdomo wote ule ukaisha. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama akaweka dagaa chini, akafungua pindo la kanga yake, pale anapofungaga hela ya sadaka na funguo ya kabati. Akatoa kipande, kimekunjamana na kunukia juisi ya embe.

"Nilikuona unakitupa," akaniambia. "Kitu chenye namba hakitupwi."

Hapo kaka wa watu akavuta fomu. Tukaandika rangi ya sanduku, vilivyomo, nyumba tunakofikia, simu. Akanipa nakala yenye muhuri, na alipoona sitanii, akaongeza mwenyewe kwamba wakilipata watalileta mpaka mlangoni kwa gari lao, na vitu vya lazima tutakavyonunua usiku huo tutunze risiti. Tulinunua mswaki na gauni la kulalia, na kweli baadaye walilipa. Watu wengi haki hiyo wanaiacha pale pale kwenye mkanda kwa kuona aibu kuuliza.

Lakini risiti haifungwi kiunoni. Sherehe ilikuwa kesho yake jioni, na mama alikataa chai asubuhi. "Nimebeba samaki, nimeacha ukoo," alisema, akalia kidogo. Niliumia sana. Nikapiga simu kwa ile namba ya kwenye nakala mara nne, kila mara nikitaja namba ya kipande. Saa sita wakasema limeonekana Mbeya, linarudi na ndege ya mchana; nikawaelekeza walilete ukumbini moja kwa moja.

Jioni mshehereshaji alikuwa ameshaita upande wa mume wasimame, tena dada alishaleta kitenge kipya cha kuzibia pengo, mlinzi wa getini alipokuja na sanduku kichwani. Sasa lilikuwa na karatasi tatu. Jirani yangu wa Kabasa alipozihesabu wiki iliyofuata alifurahi kama kavishwa nishani.

Mama hakungoja kiti. Alifungulia sanduku pale pale chini, akatoa kile kitenge, akamfunga mjukuu wake kiunoni akipiga vigelegele, na sisi tukaitikia ukumbi mzima. Dada analia, mimi nalia, bibi harusi anacheka.

Kisha mama akafungua pindo lake la kanga. Akakiinua kile kipande cha namba, akawageukia wakwe.

"Huyu si mzigo, wakwe zangu. Ila jana nimejifunza jambo. Aliyekabidhi anabakigi na kipande." Akakirudisha kwenye pindo, akakaza fundo. "Tumewakabidhi. Siku akiwapotea mikononi, mimi nitakuja dawatini kwenu, na sitoki bila maandishi."

Baba mkwe akasimama, akainama kidogo, akasema, "Tumepokea, mama."