Kisima cha Nesi

Sifa na shukrani ni za Mungu, ambaye mvua yake ikishuka juu ya uwanda huu wa Newala haiulizi bati hili ni la nani. Amenifikisha kwenye mvi, amenipa mke ninayejivunia mbele ya watu, na amenizungushia majirani wema. Kwa hayo namshukuru kabla sijasimulia lolote.

Mimi ni mwalimu wa kanisa mstaafu. Nilizaliwa kijiji kimoja cha Masasi, Mmakua kwa baba na kwa mama, nikasoma shule ya Chidya, kisha nikatumia umri wangu kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, na kuhubiri padre asipokuwepo. Kazi yangu ilikuwa kusema. Mke wangu ni Mmakonde wa hapa Newala, muuguzi mstaafu. Alifanya kazi hospitali ya Mkomaindo kwa muda mrefu, na waliozaliwa mikononi mwake leo wana wajukuu. Hakuna anayemwita jina lake. Ni Nesi tu, hata kwa padre. Tangu tuoane hunitania kwamba Wamakua tulipewa midomo miwili na sikio moja, nami humjibu kwamba Wamakonde walipanda juu ya uwanda kukwepa maswali.

Anayeijua Newala anajua habari ya maji. Sisi tuko juu na chemchemi ziko chini bondeni. Bomba lipo siku hizi, lakini maji hutoka kwa mgao, na ikifika Oktoba, korosho zikiwa zinaanguka, bomba linaweza kunyamaza mpaka watu wasahau lilipo. Wenye miguu huteremka bondeni na madumu. Wenye fedha hununua kwa vijana wa bodaboda. Mke wangu alipopata kiinua mgongo chake, ndugu walimshauri ajenge vyumba vya kupangisha. Akachimba kisima cha mvua. Ni shimo pana lililosakafiwa kwa saruji, lina mfuniko wa chuma, na mifereji ya bati huingiza humo kila tone linaloangukia paa letu. Masika hukijaza, kiangazi sisi tunateka.

Hatuteki peke yetu. Kila asubuhi mke wangu hufungua kufuli na majirani hupanga ndoo kwenye uzio wetu wa minyaa. Wazee na wenye vichanga hutangulia. Walio wengi ni Waislamu, kama ulivyo mtaa wetu mzima, na hilo halijawahi kuwa habari. Huku kwetu nyumba moja huwa na waendao Ijumaa na waendao Jumapili, na sufuria ni moja.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa daima jirani yetu wa nyumba ya pili, mjane wa Kiislamu, rika la mke wangu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mimi ananiita shemeji. Tulipofiwa na kijana wetu, alilala sakafuni kwetu na mke wangu mpaka matanga yalipoanuliwa. Nalisema hili ili ajulikane uzito wake.

Mwaka juzi kamati ya uinjilisti ya parokia yetu, ambayo mimi ni mlezi wake, ilipata mwenyekiti mpya, mwalimu kijana wa sekondari aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Kijana mwenye bidii, sauti nzuri, anayefunga na kusali kwelikweli. Kwenye kikao cha halmashauri ya parokia alisema jambo lililotuchoma. Alisema sisi Wakristo wa kusini tumekaa vizuri na majirani muda mrefu hata tumesahau kwamba tulitumwa. Akauliza ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alimweleza jirani yake habari za Bwana. Nilitazama mezani kama wengine. Lilikuwa swali la haki, na hata leo nasema ni la haki.

Kisha akaleta pendekezo. Tulikuwa tunaandaa wiki ya Injili. Akasema watu wengi hukusanyika kila asubuhi kwa Nesi. Tuweke spika pale kisimani, tuimbe wimbo mmoja, litolewe neno fupi, ndipo kufuli lifunguliwe. Wazee waliitikia kwa vichwa, na padre akanigeukia. Nikasema kisima si changu, nitamuuliza mwenyewe.

Kwetu habari haingoji kikao kifungwe. Kabla sijapata nafasi nzuri ya kuzungumza na mke wangu, alikwisha kuambiwa na muuza dagaa. Asubuhi ya pili yake ndoo zilipungua uzioni, na ndoo ya mjane haikuwepo. Asubuhi iliyofuata haikuwepo tena. Tulimwona binti yake akirudi kutoka bondeni jua likiwa limekwisha kuwa kali, dumu kichwani, shingo imelowa.

Mke wangu alikwenda kwake mchana huohuo. Alirudi mapema kuliko kawaida yake, akaketi kumenya ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha kwa chumvi, akamenya mingi kuliko tuliyoweza kula. Nilipomuuliza, alinieleza maneno ya jirani yake kama alivyoyapokea: "Nesi, maji yako nayapenda na wewe nakupenda. Ila dini yangu siibadilishi kwa ndoo."

"Umemjibu nini?" nikauliza.

"Ningemjibu nini, na mume wangu ndiye mlezi wa kamati?"

Nilimjua mke wangu. Alikuwa anamlilia rafiki, si kisima.

Jioni mwalimu kijana alikuja kupata jibu. Aliamkia shikamoo akiwa bado nje ya uzio, kama kijana aliyelelewa, akaketi kwenye kigoda, akawekewa sahani ya ming'oko ambayo hakuwa ameizoea na akaila bila kulalamika. Kisha akaeleza mpango wake wote kwa adabu. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na asiyetaka kusikiliza, mwanangu?" akamuuliza.

"Atavumilia tu, Mama. Ni dakika chache."

"Atavumilia kwa sababu ana kiu."

Mwalimu alinitazama mimi, kama anayeomba msaada kwa mtu wa kazi moja. Nilitafuna. Basi akasema kwa upole kwamba hata Bwana mwenyewe alihubiri kisimani, kule Samaria, na mji mzima ukaamini. Niliona ni hoja nzuri. Nimeifundisha habari hiyo mara nyingi kiasi cha kuweza kuisema nikiwa nimelala.

Mke wangu akaweka kisu chini. "Kweli kabisa. Ndoo ilikuwa ya nani pale?"

"Ya yule mwanamke."

"Na kiu?"

"Ya Bwana, Mama."

"Aliomba maji kwanza, mwanangu. Hakushika kamba akamwambia, nisikilize ndipo unywe." Akachukua tena kisu na mng'oko mwingine. "Ukitaka kuhubiri kisimani, nenda kwenye kisima cha mwenzio, ukaombe. Hapa kwangu mimi ndiye mwenye maji na wao ndio wenye kiu, sina haki hiyo."

Nilifikiri kijana angekasirika, kwa sababu wasomi hatupendi kusahihishwa mbele ya sahani. Badala yake alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshikwa, akasema atakwenda kuliombea neno hilo. Alipoondoka, mke wangu aliniambia nisijisumbue kumtetea wala kumlaumu, kwa kuwa swali lake la kikaoni bado liko palepale: ni lini mara ya mwisho tulisema? "Mimi nimemtekea maji yule dada yangu miaka yote hii," akasema, "na sijawahi kumwambia kwa nini."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Maana nimewasikia wengi, nami nikiwa mmoja wao, wakibishana kama Mkristo ahubiri au aishi kimya, kana kwamba mtu ana mguu mmoja tu wa kuchagua. Mke wangu alikuwa ameishi kimya vizuri kuliko yeyote ninayemjua, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba ukimya wake ulikuwa umebakiza kitu.

Kesho yake alivaa khanga safi akaniambia twende kwa jirani. Nilitegemea tungebeba maji. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Mjane alikuwa barazani anabangua korosho, vidole vimeshika weusi wa maganda. Alitukaribisha jamvini bila kuchangamka. Tukaulizana hali, watoto, mikorosho. Kisha mke wangu akasema, "Dada, nina kiu. Naomba maji ya kunywa."

Yule mama akaweka chini korosho yake. "Mwenye kisima anakuja kuomba maji kwa mwenye mtungi?"

"Ndiyo."

"Yametoka bondeni haya. Binti yangu amepanda nayo."

"Najua. Ndiyo maana naomba kidogo."

Aliinuka mwenyewe, magoti yakilia, hakumtuma binti. Alileta maji kwenye bakuli la bati, akampa kwa mikono miwili, na mke wangu akanywa yote. Nikaletewa na mimi. Yalikuwa na ladha ya udongo na nikayashukuru. Nilimwona jirani yetu akiketi tena, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekunjua mgongo. Alikuwa mwenye nyumba, na sisi wageni wake.

Ndipo akauliza, tena kwa dhihaka, "Haya, Nesi. Huyo kijana wenu wa spika alitaka kutuambia nini hasa?"

Mke wangu hakunigeukia mimi, mtaalamu. Alimwambia kwamba siku ile ya msiba wetu alitaka kufa, na kwamba alipokuwa amelala pale sakafuni alimwona Bwana Yesu karibu naye kama alivyomwona yeye jirani. Akasema kwamba kisima kile ni shukrani yake kwa Bwana huyo, wala si sadaka ya kununulia mtu. "Sikuwahi kukuambia," akamalizia. "Nilidhani maji yanasema yenyewe."

"Yalisema una moyo mzuri," jirani akajibu. "Hayakusema ni kwa ajili ya nani."

Halafu naye akaeleza ya kwake: dua aliyokuwa akituombea usiku ule wa matanga, na jinsi anavyoamini kwamba Mungu alimsikia. Nilimsikiliza. Nilikuwa na majibu ya baadhi ya mambo, nikayaacha yapumzike. Walizungumza mpaka adhana ya alasiri, akatuaga akaenda kuswali, nasi tukarudi nyumbani. Hakuna aliyebadili dini siku hiyo wala baadaye. Mambo ya moyo ni ya Mungu, naye hana haraka nasi.

Niliripoti kwenye halmashauri kwamba mwenye kisima amekataa, na nikaeleza sababu yake kama alivyoisema. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniunga mkono. Wiki ya Injili tuliifanya uwanjani kwetu kanisani, spika zikiwa wazi, kila apendaye akaribie na asiyependa apite. Nilihubiri siku mbili kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, na sioni aibu, kwa sababu neno lisiposemwa litasikiwaje. Walikuja watu. Wengine walisimama barabarani na baiskeli zao, wakasikiliza, wakaenda zao.

Mwalimu alianza pia kazi nyingine, ambayo hakuitangaza. Alikwenda kwa mzee mmoja Mwislamu, fundi wa baiskeli karibu na stendi ya magari ya Tandahimba, akamwomba amfundishe Chimakonde. Kila jioni alikaa pale kwenye spoku na matairi, akikosea, waliokuwepo wakimcheka, wakimnunulia chai. Nilipita siku moja nikasikia fundi akimuuliza ni nini kilichomfanya kijana wa mbali hivyo asali sana. Niliendelea na safari yangu. Halikuwa swali langu.

Na ndoo? Asubuhi ya Jumatatu baada ya wiki ile, mke wangu alifungua kufuli kama kawaida. Nilikuwa nasimamia mstari, kazi niliyopewa baada ya kustaafu. Bomba lilikuwa kimya hata kwenye nyumba za walimu, kwa hiyo mwalimu naye alikuja na dumu lake, akasimama nyuma kabisa. Mjane akatokea akichechemea, ndoo mkononi, akinigombeza kutoka mbali kwamba shemeji hawezi hata kunyoosha mstari. Mke wangu alishika mfuniko wa kisima na hakuuinua mara moja. Alikuwa anapangusa macho kwa pindo la khanga.

Jirani akamwona mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "leo hutuimbii?"

"Leo nimekuja kuomba maji, Bibi."

"Basi pita mbele," akamwambia, akimvuta kwa shati. "Mgeni hasimami nyuma kwetu."

Akapita mbele, akajaziwa dumu lake kwanza, na hakuna aliyenung'unika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jirani wa kukuomba maji na jirani wa kukupa. Akupe mikono isiyodai malipo, na siku utakapoulizwa, akupe maneno machache ya kweli. Baraka yake ikae nyumbani kwako, kiangazi na masika. Amina.