Samaki ya mama na mukopo wa nyumba

Leo mama karibu akose mukopo wa nyumba juu alionekana tajiri.

Mukopo ule wa serikali ni wa batu ba mapato kidogo tu. Ku bureau, kwenye nilimusindikiza, papa mumoja wa kupokea dossier akamuuliza anaingiza ngapi kwa mwezi.

Mama anauzisha samaki ya ziwa, ya kutoka Kyavinyonge. Akataja feza yote ya mauzo, kichwa juu.

« Pole mama, umepita kipimo. »

Mimi mwenye naogopa hata kusoma mbele ya klasi, nikasema: « Mais papa, feza ile inarudia kununua samaki ingine. »

« Donc inabakia ngapi? »

Mama akataja feza kidogo tu, polepole, macho chini.

Papa akatoa formulaire mupya: « Andika wewe, ma fille. »

Dossier imepokelewa, tunangoja jibu. Njiani mama ameniuliza chumba changu ku nyumba mupya nitakipaka rangi gani.

Ninyi mungechagua gani?