Gia ya Meno Arobaini na Saba

Mtaani wanamwita Fundi Meno, na asiyemjua huja kashika shavu. Humkuta mwanamke mwenye ovaroli iliyolowa oili, tupa mkononi, naye humwelekeza zahanati kwa upole kisha akarudi kwenye gia zake. Karakana aliachiwa na marehemu mumewe, lakini kazi aliijua mwenyewe. Mume alikuwa bingwa wa kuchomelea, na gia zote alikuwa akimwachia mkewe bila kuona haya.

Tabu ilikuwa kiwanja. Kilikuwa cha familia ya mume, na shemeji yake mkubwa alishatangaza kwamba baada ya miezi sita watakaa kikao waamue kama karakana iuzwe, maana mjane hana mtoto wa kuirithi. Aliyelivalia njuga jambo hilo ni wifi yake, mwenye kiwanda cha mikate. Naye alikuwa na pa kushikia: mashine yake ya kukandia unga ilikuwa imeshavunja gia mbili, zote za mkono wa Fundi Meno.

"Ikivunjika ya tatu, wifi, nitasema mbele ya kikao kwamba hata kazi yenyewe huijui," alimwambia.

Maneno yalimchoma. Akaweka gia zilizovunjika mezani, akavuta kiti, akahesabu. Alikuwa amenakili gia za mwanzo bila kujiuliza: ndogo meno kumi na mawili, kubwa arobaini na nane. Akapaka rangi nyekundu jino moja la ile ndogo, akaizungusha kwa mkono. Akazungusha weee, lakini rangi ikagusa sehemu nne tu za gia kubwa, zilezile, na ndipo penyewe palipokatika.

Kumbe! Arobaini na nane ni kigawe cha kumi na mbili. Jino likiwa na kasoro kidogo, linawatwanga walewale wanne kutwa kucha, wengine wanatazama. Mafundi wangapi wangesema unga ndio mzito, au chuma ni feki? Yeye alisema kosa ni langu, akaanza upya.

Safari hii alichagua kumi na tatu na arobaini na saba. Jumla yake ni sitini vilevile, kwa hiyo gia zingekaa palepale bila kusogeza kitu. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Bamba lake la kugawia duara, linalomwonyesha pa kukata kila jino, lilikuwa na matundu ya kila namba inayokubali kugawika, arobaini na saba haikuwemo. Akakata ukanda wa karatasi, akapima nafasi arobaini na saba zilizo sawa, akauzungushia kwenye chuma, ukapitiliza kwa unywele. Akautupa, akakata mwingine. Siku nne nzima zilikwenda kwenye karatasi tu.

Wifi alipokuja kuchukua mzigo wake, alihesabu meno, akaguna. "Arobaini na saba? Namba gani hii, haina mbele wala nyuma?"

"Namba tasa, wifi," Fundi Meno alijibu. "Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndiyo maana nimeitaka."

Wifi akainamisha macho. Neno hilo alikuwa amelitembeza nyumba kwa nyumba, na hakuwa akisimulia hesabu. Fundi Meno hakumwongezea hata moja, ingawa mimi ningemwongezea. Alipaka rangi jino moja la gia ndogo, akamwambia azungushe mwenyewe. Wifi akazungusha mpaka mkono ukauma, na meno yote arobaini na saba yakawa mekundu.

Miezi sita ikapita, kikao kikakaa. Shemeji alipotaja kuuza, wa kwanza kuinuka alikuwa wifi.

"Mashine yangu haijasimama hata siku moja," alisema. "Jana nimeifungua nikatazama. Meno yote yamelika sawasawa, hakuna lililoonewa. Karakana haiuzwi."

"Sawa, lakini mrithi yuko wapi?" shemeji akauliza. "Wote tunajua kwamba shemeji ni..."

"Ni nini?" wifi akamkatiza. "Maliza, tukusikie."

Shemeji akatazama huku na huku, hakuona wa kumsaidia. Fundi Meno alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, akimtazama.

"Ni fundi," shemeji akasema.