Binti Asiye na Uso

Bi Hatsue Kitaguchi alikuwa mwoga, wala hakuficha. Aliogopa lifti, aliogopa simu, na kompyuta tuliyompa aliigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu iwapo pasi imepata moto. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ishirini na mitano kati ya hiyo aliimalizia Nishijin, mtaa wa wafumaji hapa Kyoto, akipaka rangi karatasi za vimiraba ambazo mfumaji huzifuata, kimiraba kimoja uzi mmoja, mpaka mshipi wa kimono utoke na maua yake. Kisha karakana ikafungwa, na mtambo wa kufumia wa mumewe nao ukanyamaza.

Aprili 1986 akaja kwetu, tunakotengeneza michezo ya televisheni, kwa kuwa picha zetu nazo zilikuwa za vimiraba. Mkubwa wetu Nagura, kijana wa miaka thelathini na moja asiyejua kucheka, alimpa miezi mitatu ya majaribio. Siku ya mwisho aonyeshe mtu mmoja mdogo akitembea kwenye skrini. Akishindwa, aende zake. Mimi, Tamaki, nikaambiwa nimfundishe.

"Mwalimu wangu analingana umri na binti yangu," alisema siku ya kwanza. "Usinichape lakini."

"Nitakuchapa ukichora kikubwa, Bi Hatsue. Vimiraba kumi na sita kwa kumi na sita, basi."

"Na rangi?"

"Tatu."

"Tatu! Hata kisahani cha achari kina zaidi!"

Nilimfundisha nilivyofundishwa. Jaza umbo zima kwa rangi moja kwanza. Kama hujui ni mtu au birika, futa. Rudi nyuma hatua tano, finya macho, tazama. Kimiraba kisicho na kazi, kiondoe. Leo chora tufaha, kesho lilelile. Alijaza daftari baada ya daftari. Mkono wake ulikuwa hodari, moyo ndio uliokuwa ukimwangusha. Kila jioni aliniuliza, "Tamaki, watanifukuza?" Nami nilimwambia aache woga.

Siku ikafika. Tulikuwa wanane chumbani. Alikuwa amechora binti mdogo: kimono chekundu, nywele nyeusi, taa ya karatasi ya manjano mkononi. Kwenye kompyuta yake alipendeza mno. Nagura akamwingiza kwenye mchezo wenyewe, kwenye njia ya msituni, usiku. Binti akatembea.

Hakuwa na uso. Palipotakiwa mashavu palikuwa na giza, na nyota moja ikapita katikati ya kichwa chake.

"Mzimu huo!" mtu akacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mfumaji, kimiraba kisichopakwa si kitupu, uzi mweupe upo chini yake siku zote. Bi Hatsue aliuacha uso bila rangi kama alivyoziacha nyuso zote Nishijin. Kwetu sisi kimiraba kisichopakwa ni tundu, kilicho nyuma huonekana. Kompyuta yake ilikuwa na weupe nyuma, ndiyo maana hakuliona. Na mimi, mwalimu mzima, nilisahau kumwambia.

Bi Hatsue aliinama kuomba radhi, kisha akaanza kukusanya penseli zake. Niliogopa, lakini niliona aibu zaidi.

"Kosa ni langu, bwana," nikasema.

"Sijauliza kosa la nani," Nagura akajibu. "Mpeni uso."

"Rangi tatu nimezimaliza, bwana," Bi Hatsue akasema.

"Tumia hizohizo."

Akakaa. Akakosea kitufe mara mbili. Akatazama kimono, akatazama nywele, akatazama taa. Kisha akaupaka uso manjano ya taa, kimiraba kimoja kimoja, upande wa mwanga tu. Ule wa pili akautia weusi.

Binti akatembea tena, taa yake ikimmulika. Safari hii hakuna aliyecheka. Nagura alitazama, akatazama. Bi Hatsue alikuwa ameukamata mkono wangu.

"Mama yake yuko wapi?" Nagura akauliza.

"Mama wa nani, bwana?"

"Wa huyu mtoto. Anatembea usiku peke yake. Mchore, nimwone Jumatatu."

Akatoka. Bi Hatsue akanigeukia, mweupe kama karatasi.

"Tamaki, ina maana sijafukuzwa?"

"Hujafukuzwa, mama. Sasa toa kucha zako, unaniumiza."