Siku Jenereta ya Mbithe Ilipokwenda Mazishini

Mbithe ni jirani yangu hapa Kalamba, na kazi yake ni kuangulia watu mayai. Unampelekea mayai ya kuku wako wa kienyeji, anayatia kwenye mashine ya stima, na baada ya siku ishirini na moja unabeba vifaranga. Mwezi wa saba, na ile baridi yetu, alikuwa na mayai mia nne. Thelathini yalikuwa yangu, kwa hivyo nikiongea kwa hasira mnivumilie.

Stima huku hupotea bila kuaga, na Mbithe si mjinga. Mambo ya stima ya akiba aliyauliza mpaka akayajua. Kile kisanduku cha UPS kwenye saiba kinashika papo hapo, kompyuta haishtuki hata kidogo, lakini ni cha dakika chache tu, uhifadhi kazi yako uzime. Inverter inachukua nguvu ya betri na kuigeuza iwe kama stima ya nyumbani, na itadumu vile betri itadumu. Jenereta haina akiba yoyote. Inanguruma bora kuna petroli, na mtu wa kuvuta kamba.

Akanunua inverter, na jenereta ndogo ya kuisaidia. Sasa fundi mmoja wa Kambu akamuuzia betri ya lori. Ya lori, jameni! Hiyo imeundwa kuipa injini nguvu nyingi mara moja iwake, kisha ichajiwe tena. Ukiikamua polepole mpaka ikauke, unaiua. Baada ya miezi mitano ilikuwa haimalizi nusu saa.

"Si niko na jenereta?" Mbithe akaniambia.

Siku ya ishirini vifaranga walianza kulia ndani ya mayai. Siku hiyo hiyo Mzee Kitonga alikuwa anazikwa ng'ambo ya bonde, na kamati ya mazishi ikaja kuomba jenereta ya kuendeshea vipaza sauti. Kwetu mazishi hayanyimwi kitu. Akawapa. Saa nne stima ikapotea. Inverter ikalia kidogo, ikazima.

Woi! Jenereta yake tulikuwa tunaisikia kabisa, ikinguruma kule chini ya sauti ya mhubiri. Ukifunga mashine, feni imesimama, vifaranga wanakosa hewa. Ukifungua, baridi inaingia. Tukafungua, tukafunga, tukafungua.

"Enda uichukue!" nikamfokea.

Akaenda mbio. Nikangoja saa nzima, kisha nyingine, na nyingine, nikiwa nimefunika mayai kwa blanketi. Alirudi saa tisa, anasukuma jenereta kwa wilibaro.

"Ndinda, nilifika nikakuta Nduku ameshika maiki, anamuaga bwanake," akasema. "Ningemzima?"

Baada ya mjane wakaja wakwe, kisha kanisa, kisha wanasiasa, na hao hawajui kumaliza. Mbithe alikaa kwenye kiti cha plastiki muda wote huo. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Hata mimi singemzima Nduku.

Akavuta kamba. Taa ikawaka, feni ikazunguka. Tukayachukua mayai moja moja, tukiyaweka sikioni. Mengine yalikuwa yameshatobolewa, midomo imetokeza, lakini hakuna kifaranga aliyelia.

"Joto limefika," Mbithe akasema, macho kwenye kipimo.

"Limefika," nikamjibu.

Akaendelea kuchukua yai lingine, na lingine, na mimi nikachukua langu, nikaliweka sikioni.